TAHARIRI: Chernobyl na maafa yasiyokwisha – Mficha maradhi kifo humuumbua

Kwa Watanzania walioko nyumbani na walioko ughaibuni, tarehe 26 Aprili ni Sikukuu ya Muungano. Bendera hupandishwa, hotuba husomwa, na jumuiya zetu za London, Muscat na Washington hukutana na kula pamoja. Lakini kwa mamilioni ya watu wa Ukraine, Belarus na Urusi, tarehe hiyo hiyo ni siku ya kuwasha mishumaa na kuwakumbuka waliofariki. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 1986, saa 7 na dakika 23, kinu namba 4 cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, kaskazini mwa Ukraine, kililipuka na kutawanya sumu ya mionzi juu ya sehemu kubwa ya Ulaya.

Msomaji anaweza kuuliza: jambo la Ulaya ya Mashariki la mwaka 1986 linatuhusu nini sisi? Tunaona linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, maafa yale hayajaisha, na wanaodhani yameisha wanasoma historia nusu. Pili, nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zimo njiani kuelekea huko huko, nyingine kwa kuchimba madini ya urani na nyingine kwa kupanga kujenga vinu vya umeme wa nyuklia. Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi na tutazame vizuri mwenzetu alivyonyolewa.

Usiku ule wahandisi wa zamu walikuwa wakifanya jaribio. Walitaka kujua kama, umeme wa nje ukikatika, mtambo unaoendelea kuzunguka kwa nguvu zake za mwisho ungeweza kutoa umeme wa kuendesha pampu za maji ya kupoza kinu mpaka jenereta za dizeli ziwake. Ili jaribio lifanyike, baadhi ya vifaa vya usalama vilizimwa. Kinu chenyewe, cha aina ya RBMK, kilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo: kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, mvuke ukizidi ndani yake nguvu huongezeka badala ya kupungua. Na zile fimbo za kuzimia kinu zilikuwa na ncha za grafaiti ambazo, katika sekunde za mwanzo, ziliweza kuchochea badala ya kuzima. Tatizo hili la fimbo lilikwisha kuonekana mwaka 1983 katika kinu cha Ignalina huko Lithuania. Wakubwa walijua, lakini waliokuwa wakikiendesha kinu cha Chernobyl usiku ule hawakuwa wameelezwa ipasavyo. Walipobonyeza kitufe cha kuzima, kinu kilipasuka.

Moto uliwaka kwa muda wa siku 10 hivi. Helikopta zilimwaga tani zipatazo 5,000 za mchanga, udongo, madini ya risasi na boroni juu ya shimo lile. Wafanyakazi wawili walikufa usiku ule ule. Watu 134, wengi wao wazima moto na wafanyakazi wa kituo, walithibitishwa kuugua ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao walifariki katika miezi michache ya mwaka ule wa 1986.

Lakini uchungu mkubwa wa habari hii umo katika yale yaliyofuata. Mji wa Pripyat, uliokuwa na wakazi karibu 49,000, ulikuwa kilomita chache tu kutoka kituoni. Jumamosi ile watoto walicheza nje, watu walikwenda madukani, na hata harusi zilifungwa, huku vumbi lisiloonekana likiwaangukia. Mabasi ya kuwahamisha yalianza kuondoka siku ya pili, Jumapili, saa 8 mchana. Waliambiwa wachukue vitu vichache kwa kuwa wangerudi baada ya siku tatu. Hawakurudi kuishi tena. Ulimwengu haukupata habari kutoka Moscow. Ulipata kutoka Uswidi, ambako Jumatatu ya tarehe 28 Aprili vipimo vya kituo cha nyuklia cha Forsmark vilionyesha mionzi iliyotoka nje ya nchi ile. Ndipo jioni ile serikali ya Umoja wa Kisovieti ikatoa tangazo fupi la maneno machache. Tarehe 1 Mei, katika mji wa Kiev, ulio kusini ya Chernobyl kwa kilomita zipatazo 100, maandamano ya Sikukuu ya Wafanyakazi yalifanyika kama kawaida, na watoto walikuwemo. Mikhail Gorbachev alihutubia taifa kuhusu ajali hiyo tarehe 14 Mei, yaani siku 18 baadaye.

Ni muhimu kuelewa kwa nini siku zile chache zilikuwa na thamani kubwa. Miongoni mwa sumu zilizotoka katika kinu ilikuwamo ayodini 131. Ayodini ndiyo ile ile tunayoijua nyumbani kama madini joto, inayotiwa katika chumvi ili watu wasipate rovu. Mwili huihitaji, na tezi ya shingo huivuta na kuihifadhi. Tezi haijui kutofautisha ayodini salama na ayodini yenye mionzi; huvuta yoyote inayokuja. Vumbi liliangukia majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Tena maeneo mengi ya Belarus na kaskazini ya Ukraine yalikuwa na upungufu wa madini joto, kwa hiyo tezi za watoto wa huko zilikuwa na njaa na zikavuta kwa wingi zaidi. Ayodini 131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Maana yake, mtoto ambaye angezuiwa kunywa maziwa ya ng'ombe wa malishoni kwa miezi miwili hivi angeepukana na sehemu kubwa kabisa ya hatari hiyo. Hapakuhitajika hospitali wala fedha nyingi. Lilihitajika neno moja tu la kweli kutoka kwa serikali, nalo halikutoka kwa wakati.

Tuwatazame majirani zao wa Poland. Nao walikuwa chini ya utawala wa kikomunisti na ni rafiki wa Moscow, na nao hawakuambiwa kitu. Lakini wanasayansi wao walipoona vipimo vyao vinapanda, serikali yao haikungoja ruhusa. Kuanzia usiku wa tarehe 29 Aprili 1986 waligawa dawa ya ayodini salama, ili tezi zishibe kabla ya kuvuta ile yenye sumu. Katika siku chache walikuwa wamewapa watoto milioni 10 na nusu na watu wazima wapatao milioni 7. Walizuia ng'ombe wasipelekwe malishoni na wakatafuta maziwa ya unga kwa ajili ya watoto wadogo. Poland haikuona wimbi la saratani ya tezi kwa watoto kama lile lililoikumba Belarus. Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa elimu wala utajiri. Ilikuwa ni nani aliyesema na nani aliyenyamaza.

Matokeo yake yanajulikana. Kuanzia mwaka 1990 madaktari wa Belarus walianza kupokea watoto wenye saratani ya tezi ya shingo, ugonjwa ambao kwa watoto ni nadra sana. Walipochapisha habari hizo mwaka 1992, wataalamu wengi wa nchi za magharibi hawakuwaamini, wakisema ni mapema mno. Baadaye waliamini. Kufikia mwaka 2005 zilikuwa zimehesabiwa kesi zaidi ya 6,000 miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali huko Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi zilizoathirika. Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya 1991 na 2015 kesi hizo zilikaribia 20,000, na kwamba takriban robo yake zinaweza kuhesabiwa moja kwa moja kuwa zimetokana na mionzi. Tunashukuru kwamba saratani hii hutibika na waliokufa ni wachache. Lakini kupona kwake ni kukatwa tezi, kubaki na kovu shingoni, na kumeza vidonge kila siku maisha yote.

Hiyo ni ayodini, ambayo ilikwisha yenyewe katika muda mfupi. Zilibaki sumu zenye umri mrefu. Sesiamu 137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30, na strontiamu 90 vile vile karibu miaka 29. Fanya hesabu: ilipofika mwaka 2016, nusu ya sesiamu iliyoanguka 1986 ilikuwa bado ipo. Itakapofika 2046 itakuwa imebaki robo. Ama plutoniamu 239, ambayo ilitawanyika zaidi karibu na kinu, huchukua zaidi ya miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Hakuna dola wala ufalme wowote uliowahi kudumu muda kama huo. Aliyezaliwa leo Belarus hakuwa na kura katika jambo hili wala wazazi wake hawakuulizwa, lakini karibu asilimia 23 ya ardhi ya nchi yake ilichafuliwa kwa sesiamu. Katika nchi zile tatu, karibu hekta 784,000 za mashamba ziliondolewa katika kilimo.

Na wasidhani wasomaji wetu wa Uingereza kwamba habari hii iliishia Ukraine. Mwanzoni mwa Mei 1986 mvua kubwa zilinyesha juu ya milima ya Wales, Cumbria na Uskoti wakati wingu la Chernobyl likipita. Wafugaji wa kondoo waliambiwa kwamba amri ya kutouza wanyama wao ingedumu wiki chache. Udongo wa milima ile ni wa mboji na hauna mfinyanzi wa kuishika sesiamu, kwa hiyo majani yaliendelea kuifyonza mwaka baada ya mwaka, na kondoo wakaendelea kuila. Mashamba zaidi ya 9,000 yaliwekwa chini ya amri hiyo, na ya mwisho hayakufunguliwa hadi Juni 2012. Wiki chache ziligeuka kuwa miaka 26, na hao walikuwa mbali na kinu kwa zaidi ya kilomita 2,000. Kusini mwa Ujerumani nako nyama ya nguruwe mwitu bado hupimwa kabla ya kuuzwa, ijapokuwa uchunguzi wa mwaka 2023 umeonyesha kwamba sehemu ya sesiamu iliyomo mwilini mwao imetokana na majaribio ya mabomu ya atomiki ya miaka ya 1950 na 1960. Yaani hata madhambi ya zamani zaidi bado yamo katika udongo.

Vipi hali ya mazingira karibu na kinu? Hapa inafaa tuwe waadilifu, maana habari zinazoenezwa ni za aina mbili zinazopingana. Msitu wa misonobari ulio jirani na kituo ulikufa katika wiki chache na majani yake yakageuka rangi ya kutu. Ndio unaoitwa Msitu Mwekundu. Lakini watu walipoondoka, wanyama walirudi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu upande wa Belarus ulionyesha kwamba mbwa-mwitu ni wengi zaidi ya mara saba kuliko katika hifadhi za kawaida za nchi hiyo. Farasi mwitu wa asili ya Mongolia walioletwa kuanzia 1998 wamezaana. Kwa upande mwingine, wapo wanasayansi walioandika kwamba ndege wa sehemu zenye mionzi mikali ni wachache na baadhi yao wana kasoro za maumbile. Kwetu sisi, kuongezeka kwa mbwa-mwitu hakuonyeshi kwamba mionzi ni dawa. Kunaonyesha kwamba bunduki, shoka na jembe la binadamu huua wanyama kwa haraka zaidi. Na msitu huo huo ni ghala la sumu: ukiungua, kama ulivyoungua vibaya mwezi Aprili 2020, moshi huinua tena baadhi ya vumbi lililolala tangu 1986.

Sasa tuje kwa wale ambao dunia huwasahau, nao ni wasafishaji. Watu wapatao 600,000 walipewa vyeti vya kutambuliwa kuwa walishiriki katika kazi ya kusafisha: wanajeshi, wachimba migodi, madereva, wauguzi, marubani. Wengine walipanda juu ya paa la kituo kuondoa vipande vya grafaiti kwa koleo, kila mmoja kwa sekunde chache au dakika chache tu, kwa sababu hata mashine zilizoletwa zilishindwa kuhimili mionzi ile. Miongoni mwao umeonekana ushahidi wa kuongezeka kwa saratani ya damu na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Walipokuwa wakitumwa waliitwa mashujaa. Nchi iliyowatuma ilipovunjika mwaka 1991, wengi wao walibaki wakizunguka maofisini na vyeti vyao mkononi, wakiomba haki ya matibabu kutoka kwa serikali mpya ambazo hazina fedha.

Watu wangapi wamekufa au watakufa kwa Chernobyl? Mjadala huu haujafungwa. Mwaka 2005 jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), lilikadiria kuwa vifo vinaweza kufikia 4,000 miongoni mwa watu 600,000 waliopata mionzi mingi zaidi. Mwaka 2006 WHO yenyewe ilitaja makadirio ya hadi 9,000 kwa kuongeza wakazi wengine wa nchi tatu. Mwaka huo huo Greenpeace ilitoa makadirio ya zaidi ya 90,000. Tofauti hii inawafanya wengine waseme wanasayansi wote ni waongo. Hapana. Sababu moja kubwa ni kwamba saratani huua watu wengi kila mahali, na aliyekufa kwa mionzi haandikwi alama usoni. Sababu ya pili ni ya aibu: ramani za maeneo yaliyochafuliwa hazikutolewa kwa wananchi hadi 1989, na miaka ile ya mwanzo, ambayo ndiyo ilikuwa ya kuhesabu na kupima, ilipotea katika mafaili ya siri. Hata baadaye, katika Belarus, Profesa Yury Bandazhevsky, aliyekuwa akiongoza chuo cha udaktari cha Gomel na kuchunguza athari za sesiamu kwa watoto, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 mwaka 2001 kwa tuhuma za rushwa. Mashirika ya haki za binadamu yalisema kosa lake lilikuwa ni kuikosoa serikali. Aliachiwa mwaka 2005. Inawezekana baadhi ya matokeo ya uchunguzi wake yanabishaniwa na wenzake, na hilo ni jambo la kawaida katika elimu, lakini mahali pa kubishana ni chuoni na si gerezani.

Tunaposema ukweli hatumaanishi kutisha watu. Kutia chumvi nako kuna waliokufa nako. Jopo lile la 2005 lilisema kwamba tatizo kubwa kabisa la afya lililoletwa na Chernobyl ni la nafsi: hofu, huzuni, ulevi, na watu kujiona ni wafu wanaotembea. Mwaka 1986 peke yake watu 116,000 hivi walihamishwa, na baadaye wengine zaidi ya 200,000. Walipofika huko walikopelekwa, wenyeji waliwaogopa kama wenye ukoma. Huko Ugiriki, madaktari waliandika mwaka 1987 kwamba wanawake wajawazito wengi walitoa mimba kwa hofu tu, ilhali mionzi iliyofika kwao haikuwa ya kudhuru mimba. Na mwaka 2021 uchunguzi wa vinasaba vya watoto waliozaliwa na wazazi walioathirika, wakiwemo wasafishaji, haukuona ongezeko la kasoro zinazorithiwa. Ni habari njema iliyochelewa miaka 35, na ni mabinti wangapi walikosa kuolewa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiaminiwa kuisema? Serikali ikishadanganya mara moja, hata siku ikisema kweli hakuna anayesikia.

Japan nayo ilitufundisha mwaka 2011. Tetemeko na mawimbi ya tsunami ya tarehe 11 Machi viliharibu kituo cha Fukushima Daiichi. Serikali ya Japan hadi sasa imekiri kifo kimoja tu cha mfanyakazi kuwa kimetokana na mionzi, lakini katika mkoa wa Fukushima zaidi ya watu 2,000, wengi wao wazee na wagonjwa, wameandikwa kuwa walikufa kwa taabu za kuhamishwa na maisha ya ukimbizini. Kuwahamisha watu bila mpango kunaua kama kuchelewa kuwahamisha.

Huko Chernobyl kwenyewe, kinu cha mwisho kilizimwa tarehe 15 Desemba 2000. Juu ya kinu namba 4 kulijengwa jengo la saruji kwa haraka mwaka 1986, kisha mwaka 2016 likasogezwa juu yake paa kubwa la chuma lenye kimo cha mita 108, kwa fedha za mataifa mengi, likikusudiwa kudumu miaka 100. Halikudumu hata 10 bila kuguswa. Mwaka 2022 majeshi ya Urusi yaliingia na kukikalia kituo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe 14 Februari 2025 ndege isiyo na rubani iliyobeba mabomu ilitoboa paa lile. Ukraine ilisema ni ya Urusi; Urusi ilikanusha. Kiwango cha mionzi nje hakikupanda, lakini mwezi Desemba 2025 IAEA ilitangaza kwamba jengo hilo limepoteza uwezo wake mkuu wa kuzuia sumu isitoke. Waliolibuni walifikiria kutu, upepo na theluji. Nani angefikiria vita?

Sasa turudi kwetu. Bara letu si geni katika habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mpango wa bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Ilichimbwa na ndugu zetu, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, bila kuelezwa wanachimba nini. Dunia nzima inajua majina ya waliolitengeneza bomu. Majina ya waliochimba hayajulikani. Miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, watu masikini waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti na shaba, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua.

Tanzania nayo ina urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe ili kupisha mradi huo, na mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani hiyo chini ya kampuni inayomilikiwa na shirika la Rosatom la Urusi. Mgodi si kinu na haulipuki kama Chernobyl. Hatari yake ni ya polepole: vumbi katika mapafu ya mchimbaji, gesi ya radoni, na mabaki ya mawe na tope ambayo yasipohifadhiwa vizuri huingia katika maji. Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kinu chake cha kwanza. Wavuvi na wakazi wakapinga, mwezi Mei 2024 polisi wakawatawanya waandamanaji, na baadaye macho ya serikali yakahamia Siaya, pwani ya Ziwa Victoria. Uganda imetaja Buyende. Na ndugu zetu walioko Ghuba wanaishi jirani na vinu vinne vya Barakah, Abu Dhabi, na kile cha Bushehr, Iran, katika nchi ambazo maji ya kunywa hutolewa baharini.

Hatusemi kwamba nyuklia ni haramu. Mionzi hiyo hiyo ndiyo inayowatibu wagonjwa wa saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Watu wetu wanahitaji umeme, na makaa ya mawe nayo yanaua. Pia vinu vya leo si RBMK. Lakini kilichoigeuza ajali ya kinu kuwa msiba wa watoto ni unyamavu wa wakubwa, na ugonjwa huo, tukisema kweli, kwetu upo tele. Nchi ambayo mwananchi akiuliza habari za mkataba anaambiwa ni siri ya serikali, na akiandamana anapigwa virungu, itawezaje kuwaambia watu ukweli ndani ya saa moja siku kinu kitakapovuja?

Kwa hiyo, kabla ya jiwe la msingi, sisi tunataka mambo haya. Moja, ripoti zote za athari za mazingira zitolewe kwa Kiswahili na zisomwe katika mikutano ya vijiji vya Namtumbo, Kilifi, Siaya na kwingineko, pamoja na kurasa zinazotaja hatari. Mbili, tume zinazosimamia mionzi ziwe na uwezo wa kusimamisha mradi bila kupigiwa simu na waziri, na vipimo vyake vitangazwe hadharani kila mwezi. Tatu, afya ya wakazi na wachimbaji ipimwe na iandikwe kabla ya kazi kuanza, ili siku za mbele asitokee mtu wa kusema kwamba hakuna ushahidi. Nne, dawa ya ayodini na mpango wa kuwahamisha watu viwepo tayari, navyo vifanyiwe mazoezi, na wazee na wagonjwa wafikiriwe kwanza. Tano, fedha za kufunga mgodi au kinu na kutunza taka zake ziwekwe benki mapema, kwani makampuni huondoka na taka hubaki.

Wasomaji wetu walioko nje wana kazi maalumu. Ninyi mnaoishi karibu na vituo vya nyuklia vya Uingereza, Marekani, Ufaransa na Ghuba mnaweza kujionea wenyewe namna wakazi wanavyopewa habari, namna mabaraza yanavyohoji, na pale wanapofichwa. Waandikieni wabunge wa nyumbani. Watumieni ndugu zenu maswali ya kuuliza. Miongoni mwenu wamo waliosomea fani hizi, tena wengine wamesoma Kiev na Minsk. Elimu hiyo ielezwe kwa lugha ambayo mama wa Uyombo ataielewa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Moscow iliyaficha maradhi kwa siku chache, nayo yakaumbuliwa na kipimo cha Uswidi na shingo za watoto. Deni lile bado linalipwa, na walipaji wengi walikuwa hawajazaliwa wakati lilipokopwa. Viongozi wetu wanaotaka kukopa kutoka dirisha hilo hilo wana wajibu wa kutuonyesha mkataba wote kwanza, nasi tuna wajibu wa kuusoma.